Daktari Kasema Meza, Jirani Kasema Acha

"Usianze hizo dawa, ukishaanza huachi tena." Mwenye mzazi, shangazi au jirani aliyekutwa na presha ameshaisikia kauli hii, na wengi wetu tumeshaitoa. Inatolewa kwa upendo. Anayeitoa mara nyingi amemzika mtu aliyekuwa akimeza dawa hizo, na haoni kwa nini anyamaze wakati mwingine anaelekea njia ile ile. Inamfikia mgonjwa saa ambayo masikio yake yako wazi: jioni, nyumbani, ametoka kliniki na bahasha ya karatasi iliyoandikwa "1x1" na si zaidi.

Kauli hii inaua, na inaua polepole kiasi kwamba hakuna anayeihusisha na kifo. Presha ikiachwa miaka kadhaa huishia kwenye kiharusi, moyo kushindwa kusukuma damu au figo kufeli. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulikuta asilimia 25.9 wana shinikizo la juu la damu na asilimia 9.1 wana kisukari. Kwa presha peke yake, ni mtu mzima mmoja katika kila wanne. Ni vigumu kupata ukoo usio na mgonjwa, kwa hiyo ni vigumu pia kupata ukoo usio na mshauri.

Ukiuliza kwa nini watu wanamwacha daktari na kumfuata jirani, jibu linalokuja haraka ni kwamba uelewa ni mdogo. Silikubali. Nimeona walimu wakuu, wahasibu na hata wauguzi wastaafu wakifungia vidonge kabatini na kuchemsha majani. Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha mwaka 2018 uchambuzi wa wagonjwa wa saratani walioikataa tiba ya hospitali na kushika tiba mbadala peke yake. Hatari yao ya kufa ilikuwa mara mbili na nusu ya wenzao waliotibiwa hospitali. Kwa saratani ya matiti ilizidi mara tano. Na waliochagua njia hiyo ndio waliokuwa na elimu kubwa zaidi na kipato kikubwa zaidi. Steve Jobs wa Apple aligunduliwa uvimbe wa kongosho mwaka 2003, akakaa takriban miezi tisa akijaribu lishe na njia nyingine kabla ya kukubali upasuaji mwaka 2004. Huyo hakukosa shule wala hakukosa pesa ya daktari.

Kwa maoni yangu, mgonjwa anayeacha dawa hafanyi hivyo kwa upumbavu. Anafuata ushahidi, tena ushahidi anaouona kwa macho yake na kuusikia mwilini mwake. Balaa ni kwamba presha na kisukari ni magonjwa ambayo ushahidi wa macho husema kinyume cha ukweli, na kliniki haimwambii mgonjwa mapema kwamba itakuwa hivyo.

Chukua mwili wenyewe. Mtu mwenye presha ya 170 kwa 100 anaweza kwenda shamba, kupika, kucheza ngoma na kulala vizuri. Haumwi popote. Anapewa amlodipini, baada ya wiki mbili miguu inaanza kuvimba jioni. Anapewa enalaprili, anapata kikohozi kikavu kisichomwachia usingizi. Anapewa kidonge cha kukojoa, safari ya daladala kutoka Gongo la Mboto hadi Kariakoo inageuka mateso. Wa kisukari anaanza metformini na tumbo linamwendesha. Kwa hesabu ya mwili wake, alikuwa mzima kabla ya dawa na amekuwa mgonjwa baada ya dawa. Kisha jirani anasema aache, ajaribu kitunguu saumu na maji ya choya. Anaacha. Ndani ya siku au wiki chache uvimbe unashuka, kikohozi kinakata, choo kinatulia. Mwili mzima umetoa ushahidi kwamba jirani ndiye aliyesema kweli.

Wakati huo huo presha imerudi ilikokuwa, ndani ya siku au wiki, bila kubisha hodi. Mishipa ya ubongo na ya figo inaendelea kupigwa kila mapigo ya moyo. Kwa anayetumia dawa za presha za aina ya atenololi na ana tatizo la moyo, kuacha ghafla kunaweza kuleta hatari ya papo hapo. Lakini yote hayo hayasikiki, na kisichosikika hakina sauti mbele ya kinachosikika.

Mengi kati ya maudhi hayo yana ufumbuzi. Aliyekohoa kwa enalaprili hubadilishiwa losatani, na kikohozi huisha. Aliyevimba miguu hupunguziwa dozi au hupewa dawa nyingine. Anayeharishwa na metformini huelekezwa kuimeza pamoja na chakula na kuanza na kiasi kidogo. Ni mazungumzo ya dakika tatu. Kama dakika hizo tatu zingetumika siku ya kwanza, "utapata hili na hili, ukilipata usiache, rudi nikubadilishie," maneno ya jirani yangekuta nafasi imeshajaa.

Ushahidi wa pili unatoka makaburini, na huu ni mgumu zaidi kuuvunja. Watu wanasema dawa za presha zinaharibu figo. Ukiwauliza wamejuaje, wanakutajia watu: baba mdogo alikuwa anameza, akaishia kwenye mashine ya kusafisha damu, mama wa mtaa wa pili alikuwa anameza, naye vivyo hivyo. Hawasemi uongo. Hao watu walikuwepo na walikuwa wanameza. Ila mpangilio wa mambo umepinduliwa. Presha na kisukari ndizo zinazoongoza duniani kwa kuua figo, na zinaanza kazi hiyo miaka mingi kabla mtu hajaenda kupima. Anapofika hospitali figo imeshaumia, anaandikiwa dawa, na mwaka mmoja baadaye, baada ya kumeza leo na kuacha kesho, inafeli. Familia inakumbuka vidonge kwa sababu ndivyo vilivyoonekana mezani. Dawa kama enalaprili na losatani, ambazo mitaani zinashutumiwa, ni miongoni mwa dawa zinazoandikwa mahsusi kulinda figo za mgonjwa wa kisukari ambaye mkojo wake umeanza kuvuja protini.

Insulini imepakwa tope kwa njia ile ile. Shangazi kawekwa kwenye insulini, miezi sita baadaye kakatwa mguu. Basi insulini inakata miguu. Aliyeichelewesha kwa miaka kumi kwa kuiogopa ndiye anayeletwa akiwa na kidonda kilichooza, anachomwa insulini katika dakika za mwisho, anakatwa mguu, na hadithi yake inakwenda kumtisha mgonjwa anayefuata. Kwa hiyo uvumi unajizalia ushahidi wake wenyewe. Kila anayechelewa kwa sababu ya kuogopa anakuwa mfano wa kuogopesha wengine.

Yanayoharibu figo kweli, kwa upande wake, yanauzwa bila mtu kuyashuku. Diklofenaki na ibuprofeni zikimezwa mfululizo kwa ajili ya mgongo na magoti zinaumiza figo na kupandisha presha. Mtu huyohuyo aliyeacha dawa ya presha kwa kuihurumia figo yake anapita dukani kila Ijumaa kuchukua "dawa ya maumivu".

Kuna jambo la tatu, na hili limejengwa na mfumo wetu wa afya wenyewe kwa nia njema. Tumelelewa na malaria. Mseto ya mtu mzima ni vidonge vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu, jumla 24, umemaliza. Miaka yote mabango ya zahanati yametuambia tumalize dozi. Somo likaingia vizuri: dawa ina mwanzo na mwisho, na ukimaliza umepona. Mtu aliyefundwa hivyo tangu utotoni anapewa bahasha ya vidonge thelathini, anavimaliza, anajisikia vizuri, na kwa adabu zote anaona kazi imekwisha. Hakuna aliyemwambia kwamba safari hii mambo ni mengine, kwamba dawa hizi hazitibu presha ikatoka, zinaizuia kwa siku ile uliyomeza tu.

Nilisimama nyuma ya mzee mmoja kwenye duka la dawa huko Mbagala. Akamwambia binti wa dukani, "Mwanangu, hizi za presha nikatie tano." Binti akamuuliza, "Babu, si uchukue za mwezi kabisa?" Mzee akajibu kwamba kichwa kimeshatulia, hizo tano ni za akiba, kikianza tena atameza. Binti akachukua mkasi, akakata vidonge vitano kwenye kibati chake, akavitia kwenye bahasha. Kipande alichopewa mzee hakikuwa na jina la dawa wala tarehe ya kuisha muda. "Haya babu yangu, ukiona vibaya utarudi." Walikuwa wanazungumza kwa heshima na mapenzi. Mashine ya kupimia presha ilikuwa kwenye kaunta, kati yao, na hakuna aliyeigusa. Mzee yule anaamini presha ni kichwa kuuma, na dawa yake ni kama panado. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kukaa naye akamweleza vinginevyo.

Hapo tunafika kwenye kliniki zenyewe. Siku ya kliniki ya presha na sukari katika hospitali nyingi za wilaya huanza kabla ya jua kuchomoza. Mgonjwa anapanga foleni ya kadi, foleni ya kupimwa uzito na presha, foleni ya daktari, foleni ya dirisha la dawa. Anapofika mbele ya daktari, daktari ameinamia daftari. "Presha bado iko juu. Unameza dawa?" "Nameza." "Endelea na zilezile, rudi tarehe tano." Kwenye daftari kumeandikwa maneno ya Kiingereza kwa vifupisho. Dirishani anaambiwa moja ipo, nyingine hakuna, akanunue nje. Mwaka 2017 jarida la BMJ Open lilichapisha uchambuzi wa muda ambao madaktari wa huduma za msingi hutumia na mgonjwa mmoja katika nchi 67. Ulianzia sekunde 48 Bangladesh ukafika dakika 22.5 Uswidi, na katika nchi zenye karibu nusu ya watu wote duniani ulikuwa dakika tano au pungufu. Simlaumu daktari mwenye wagonjwa themanini nje ya mlango. Lakini nawaomba wanaopanga huduma watambue kwamba katika sekunde hizo hakuna kinachoweza kujengwa ambacho jirani hawezi kukibomoa kwa nusu saa ya maongezi barazani.

Jirani ana muda. Anauliza umelalaje, umekula nini, mtoto ameshapata kazi. Anazungumza Kiswahili chako. Kesho yake anapiga simu: "Mama, umeshakunywa ile?" Na zaidi ya yote anatoa kitu ambacho daktari mkweli hawezi kukitoa, yaani ahadi kwamba ugonjwa utakwisha.

Nguvu ya ahadi hiyo tuliiona mwaka 2011 katika kijiji cha Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Ambilikile Masapila, alichemsha mizizi ya mti wa mugariga na kutoa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Ilisemwa kinatibu kisukari, presha, pumu, saratani na UKIMWI. Magari yalipanga msururu wa kilomita nyingi kwenye njia ya vumbi, watu wakaja kutoka kila mkoa, kutoka Kenya na Uganda, wengine kwa helikopta. Viongozi wa ngazi za juu walikwenda kunywa mbele ya kamera. Wapo wagonjwa waliotolewa vitandani hospitalini na ndugu zao ili wawahi foleni, na wapo waliofia njiani au kwenye msururu. Wapo walioacha ARV baada ya kunywa, kwa sababu aliyepona hamezi dawa.

Simtuhumu marehemu kwa utapeli. Shilingi 500 hazikuwa bei ya kumfilisi mtu, na tajiri na maskini walikunywa kikombe kilekile. Nasema tu kwamba Samunge ilikidhi yote ambayo kliniki ilikuwa haiyakidhi. Ulikunywa mara moja, ukamaliza. Hukuambiwa urudi tarehe tano. Hukuambiwa dawa hamna. Umati uliokuzunguka ulikuwa umati wa watu wenye ugonjwa wako, wakiombeana. Mwenye sukari aliyekuwa amechoka kuhesabu sahani yake ya wali aliondoka pale akiwa mtu mzima.

Baadaye hesabu haikufanyika. Waliojisikia nafuu walirudi majumbani wakasimulia, redio zikawahoji. Waliokufa miezi mitatu baadaye kwa sukari iliyopanda hawakuhojiwa. Hivi ndivyo ushauri wa mtaani unavyojilinda popote ulipo: mashahidi wake wote ni wale waliobaki hai. Hospitali, kinyume chake, ina chumba cha maiti, ina vitabu vya vifo, na kila aliyechelewa anakufia mikononi mwake. Tunailaumu hospitali kwa sababu ndiyo inayoweka kumbukumbu.

Tangu mwaka ule simu zimechukua nafasi ya barabara ya vumbi. Sauti za dakika nne za mtu asiyejitaja jina zinapita kwenye makundi ya familia: chemsha hiki na hiki, kunywa siku 21, sukari haitarudi. Mtoto aliyeko Muscat anamtumia mama yake wa Tanga habasoda na asali, pamoja na ujumbe aliopewa na mwenzake wa kazini. Haya bado ni mapenzi ya ndugu, na kwa ndugu nina subira. Subira yangu inaisha kwa wafanyabiashara. Kuna watu wamejipa jina la daktari bila kusajiliwa na baraza lolote, wanafungua ofisi zenye koti jeupe na mashine inayodaiwa kupima mwili mzima kwa kushika kiganja tu, kisha wanauza makopo ya virutubisho kwa laki mbili, laki tatu. Mgonjwa anayelalamika kwamba dawa ya presha ya elfu kumi ni ghali anakopa kwenye kikoba kununua makopo hayo. Muuzaji analipwa kamisheni kwa kila kopo, na mteja wake wa kwanza ni mtu aliyekata tamaa.

Wakati mwingine ndani ya dawa inayoitwa ya asili huwa na dawa ya hospitali iliyofichwa. Singapore, katika miezi mitano ya mwanzo ya mwaka 2008, watu 150 wasio na kisukari walilazwa sukari ikiwa imeshuka vibaya, na wanne wakafa. Chanzo kilikuwa dawa za kuongeza nguvu za kiume na dawa za mitishamba zilizochanganywa na glibenklamidi, kidonge cha kisukari. Mtu anayekunywa unga usiojulikana na kuona sukari imeshuka siku ya pili ana sababu ya kuogopa kabla ya kushangilia.

Sitaki nieleweke kwamba naidharau mitishamba. Metformini, ambayo ndiyo kidonge cha kwanza cha kisukari duniani kote, ilitokana na utafiti wa mmea wa Ulaya uitwao galega. Artemisinini, chimbuko la dawa iliyomo kwenye mseto, ilitolewa kwenye mmea wa Kichina na kumpa Tu Youyou tuzo ya Nobel mwaka 2015, na mmea huo umelimwa hata Arusha. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, na baraza lake. Mganga wa jadi anayejua mipaka yake na kumwambia mgonjwa "hili si langu, nenda hospitali" anaokoa maisha, na wapo wengi wa namna hiyo. Kilichoutoa mmea wa galega shambani ukawa kidonge ni kazi ya kuuliza: kiasi gani kinafaa, kiasi gani kinaua, wangapi hawakupona. Mshauri wa mtaani haulizi swali la tatu hata siku moja.

Wala sisemi daktari asihojiwe. Madaktari hukosea, wengine wana kiburi, wengine wanaandika dawa nyingi kuliko inavyohitajika. Mgonjwa ana haki ya kuuliza hii ni ya nini, madhara yake ni yapi, na ana haki ya kwenda kwa daktari wa pili. Tofauti iko kwenye kuwajibika. Daktari aliyekosea ana jina, saini yake iko kwenye daftari lako, na Baraza la Madaktari Tanganyika linaweza kumwita na kumfutia leseni. Kenya nao wana baraza lao. Aliyekuambia acha dawa, ukapooza upande mmoja, atakuja kukuona na matunda, atasikitika kwa dhati, na kesho atamshauri mwingine.

Hatari kubwa kuliko zote iko kwa watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza, na hapa sioni nafasi ya kubembelezana. Mwili wa mtoto huyo hautengenezi insulini. Hakuna jani, funga, maombi wala mafuta yanayoweza kuiweka. Kabla ya Januari 1922, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alipochomwa insulini huko Toronto, watoto wa namna hiyo walikonda na kufa ndani ya miezi au mwaka mmoja au miwili. Mtoto akinyimwa sindano leo, damu inaanza kujaa asidi. Anatapika, anapumua kwa nguvu, anapoteza fahamu, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Kiongozi wa dini anayemwambia mzazi atupe sindano kama ishara ya imani anafaa kushitakiwa. Aombewe mtoto, na sindano ichomwe.

Kwa watu wazima, mabadiliko yanayowezekana si ya gharama. Kwetu mgonjwa haamui peke yake. Dawa za mama zinaamuliwa na binti mkubwa anayelipia, na kaka aliyeko mjini ambaye kauli yake haipingwi. Kliniki inamweleza mama, ambaye akifika nyumbani hawezi kumweleza kaka. Siku ya kwanza ya kuanzishiwa dawa aitwe pia huyo mwenye kauli, hata kwa simu iliyowekwa sauti ya juu, na muuguzi awaambie wote kwa pamoja: ugonjwa huu hauishi, unadhibitiwa, hutajisikia kuumwa hata ukiwa hatarini, dawa hii inaweza kukuudhi hivi, na ukiudhika utarudi hapa kubadilishiwa. Ikiandikwa kwa Kiswahili kwenye kadi, itasomwa barazani na jirani naye ataisoma. Wanaosema "ukishaanza huachi" wajibiwe kwa ukweli wake: ndiyo, wengi hawaachi, kwa sababu presha nayo haiachi, na wachache wanaopunguza uzito, chumvi na pombe hupunguziwa dawa na daktari, kwa vipimo.

Lipo pia suala la kufokea. Mgonjwa aliyewahi kuulizwa "nani kakwambia unywe hayo majani?" mbele ya foleni hatasema tena. Ataendelea kunywa, atanyamaza, na daktari ataongeza dozi ya glibenklamidi akidhani ile ya kwanza haitoshi, bila kujua mama alikuwa haimezi. Siku atakapoimeza yote kwa hofu ya kipimo cha kesho, sukari itaporomoka usiku. Wahudumu wanaopata ukweli ni wale wanaouliza kwa upole, "Mama, nyumbani unachanganya na nini?" wakaandika jibu bila kukunja uso. Daftari za kliniki zina safu ya uzito, ya presha na ya sukari. Iongezwe safu ya mitishamba na virutubisho, ijazwe kila mwezi kama zile nyingine, na mgonjwa aone ikijazwa.